Mshtakiwa Mfasaha: Mahakama ya Kikoloni katika Fasihi ya Kiswahili, Ikitazamwa kutoka Salaita

Msafiri atokaye Voi kuelekea Taveta hukipita kilima cha Salaita akiwa amekaribia mwisho wa safari yake. Ni kilima kidogo katikati ya nyika, nacho kisingekuwa na la kusimuliwa lau si mapigano ya tarehe 12 Februari 1916. Siku hiyo askari wa Afrika Kusini, waliokuwa wamewasili Afrika Mashariki wakiwadharau waziwazi askari weusi na Wahindi, walifurushwa na kikosi cha Wajerumani ambacho askari wake wengi walikuwa Waafrika. Na waliokinga kurudi kwao nyuma ni Wabaluchi wa Rejimenti ya 130. Wapo wasemao kuwa jina Salaita ni tamko la kienyeji la neno la Kiingereza lenye maana ya machinjo. Etimolojia hiyo inapendeza, ila mwandishi wa makala hii haiamini.

Si mbali na kilima hicho, juu ya kilima kingine, lipo jumba alilolijenga Ewart Grogan katika miaka ya 1930, alipokuwa na mashamba makubwa ya katani huko Taveta. Ni jumba hili, zaidi ya uwanja wa vita, lililonifanya nifikirie upya jinsi watunzi wetu wanavyoisawiri mahakama ya kikoloni. Maana Grogan ndiye yule aliyewachapa viboko hadharani wavuta rikisho watatu mjini Nairobi mnamo Machi 1907, mbele ya jengo lenyewe la mahakama, kwa madai kwamba waliwavunjia heshima wanawake wa Kizungu. Aliposhtakiwa, kosa aliloandikiwa halikuwa la kupiga wala kujeruhi. Lilikuwa la mkusanyiko usio halali. Akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, akakitumikia katika nyumba badala ya jela. Tuzingatie kilichotendeka hapa: kwa kulibadilisha jina la kosa, sheria iliiondoa miili ya wavuta rikisho katika kesi. Kilichodhuriwa ni utulivu wa mji. Wale watatu hawakuwa tena watu waliotendewa jambo.

Swali la makala hii ni dogo. Je, fasihi ya Kiswahili imekwisha kutuonyesha ubaguzi wa namna hii, ule unaokaa ndani ya utaratibu wa sheria, au imetuonyesha tu ubaguzi unaopiga kelele?

Tuanze na Shaaban Robert, kwa kuwa ndiye aliyetupa kielelezo. Kusadikika (1951) ni kesi mwanzo hadi mwisho. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria. Waziri Majivuno anamshtaki mbele ya mfalme. Naye Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kwingine kwa manufaa ya nchi, wakarudi na kutiwa gerezani. Hatimaye anasikilizwa, na waliofungwa wanafunguliwa. Wahakiki wamekwisha kuonyesha mara nyingi kwamba Kusadikika ni sitiari ya nchi iliyotawaliwa na wageni. Jambo ambalo halijasisitizwa vya kutosha ni imani iliyomo katika muundo wake: kwamba mshtakiwa akipewa nafasi ya kusema, na akawa mfasaha, haki itapatikana. Mahakama ya Kusadikika ina kiburi na uonevu, lakini ina masikio. Katika Tanganyika ya 1951 kuandika hivyo kulikuwa ushujaa. Hata hivyo, kielelezo hicho kimetuachia urithi ambao watunzi waliofuata hawakuutilia shaka, yaani mshtakiwa mfasaha.

Urithi huu unaonekana wazi katika Mzalendo Kimathi, tafsiri ya Kiswahili (1978) ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1976. Watunzi walieleza katika dibaji kwamba hawakukusudia kuinakili kesi ya Nyeri, na hatuna haki ya kuwadai kile wasichokiahidi. Wamelitazama suala la rangi kwa jicho la mtu wa jukwaa: ndani ya mahakama Waafrika wamebanana upande mmoja na Wazungu wamestarehe upande wa pili. Aidha, Kimathi wao anatamka kuwa zipo sheria mbili na haki mbili. Lakini tukimsikiliza vizuri, mpaka anaouchora kati ya hizo mbili ni mpaka wa mwenye mali na asiye na mali. Rangi inabaki kuwa suala la viti na la matusi. Tabaka ndilo linalopewa nadharia.

Hapa ndipo nisipokubaliana na tamthilia hiyo, ingawa nimeisomesha kwa miaka mingi na bado naipenda. Sheria mbili za rangi zilikuwepo, tena zimeandikwa. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa nchini Kenya alihukumiwa na juri ya Wazungu wenzake, na uamuzi wa juri ulikuwa uamuzi. Mwafrika alipewa wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Kesi halisi ya Kimathi ya mwaka 1956 ilisikilizwa na Jaji Mkuu Kenneth O'Connor akiwa na wazee watatu wa baraza, Waafrika. Kwa hiyo picha ya mahakama iliyogawanyika weupe huku na weusi kule, kwa nguvu yake yote, inaficha jambo chungu zaidi: kwamba weusi walikuwamo hata upande wa meza ya hukumu, wakiombwa maoni yasiyo na mamlaka. Mtunzi ambaye angewaweka wazee hao watatu jukwaani angetupa ubaguzi mgumu zaidi kuuzomea.

Tangu kumbukumbu za kesi hiyo zilipochapishwa mwaka 2017, mwachano kati ya jukwaa na mahakama umekuwa dhahiri. Shtaka lilikuwa la kupatikana na bastola na risasi chini ya kanuni za hali ya hatari. Kimathi alikana, akasema alikuwa njiani kwenda kujisalimisha, na alisema hayo kwa Kikuyu, kupitia mkalimani. Wasomaji wengine wamesononeka kumkosa shujaa wao katika karatasi hizo. Binafsi nimeona kwamba karatasi hizo zinatupa kile ambacho tamthilia haikuweza, yaani mtu aliyejeruhiwa anayejaribu kuishi ndani ya lugha isiyo yake. Katika tamthilia jaji na mshtakiwa wanajibizana moja kwa moja, na katika tafsiri wote wawili ni wasemaji hodari wa Kiswahili. Mkalimani ametoweka. Nasi tunaojivunia Kiswahili tungepaswa kushtuka kidogo, kwa kuwa lugha hii imewahi kuwa ya amri na ya ukalimani katika ofisi za utawala huohuo.

Hatari ya neno la Mwafrika kutafsiriwa inadhihirika katika kesi ya Kitosh, kibarua aliyefariki mwaka 1923 baada ya kuchapwa na kufungwa kamba na bwana shamba, Jasper Abraham. Palitolewa ushahidi kuwa marehemu alitamka kwamba anataka kufa, na madaktari wa upande wa utetezi wakajenga hoja kwamba nia hiyo ya kufa ndiyo iliyochangia kifo. Juri ya Wazungu ikaona hatia ya kujeruhi vibaya, si ya kuua. Adhabu ikawa miaka miwili. Sentensi moja ya Kitosh iliyosikilizwa kwa makini mahakamani ndiyo iliyompunguzia mzigo aliyemtesa. Karen Blixen aliiandika habari hii katika kitabu chake cha 1937, akauona uzuri fulani katika nia hiyo ya kufa. Ni ukurasa ulioandikwa vizuri mno, na kwa sababu hiyo unaudhi.

Kilio cha Haki cha Alamin Mazrui (1981) kinakaribia zaidi mazingira ya wale wa Taveta: shamba la mlowezi Delamon, vibarua, na Lanina anayewaongoza. Nguvu yake ni kwamba dhuluma inaanzia katika ujira na katika nyumba, kabla haijafika kwa polisi. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa miaka mitatu kuanzia 1969 na serikali ya Waafrika wenzake, anakwenda mbali zaidi kwa njia nyingine. Msemaji wa Sauti ya Dhiki (1973) hana jaji wa kumshawishi. Ufasaha wake wote umetungwa kwa masikio yasiyokuwapo, nami naona kuwa hiyo ndiyo picha ya kweli kuliko zote tulizozitaja.

Huenda mtu akauliza kwa nini tusumbuke na taratibu zilizokwisha. Peter Poole alipatikana na hatia na juri ya Wazungu, akanyongwa mwaka 1960 kwa kumuua Mwafrika, naye ni Mzungu pekee aliyenyongwa Kenya kwa kosa la namna hiyo. Miaka ishirini baadaye, katika Kenya huru, baharia wa Kimarekani aliyekiri kumuua Monica Njeri mjini Mombasa aliachiliwa kwa dhamana ya shilingi 500 na sharti la mwenendo mwema. Juri hakukuwa tena na juri. Nini basi kilichobaki? Tamthilia ya viti viwili haiwezi kujibu swali hilo, maana viti vilikuwa vimekwisha kuchanganywa.

Mwongozaji anayetaka kuliigiza upya Mzalendo Kimathi leo hahitaji kubadilisha neno hata moja la mshtakiwa. Amwongeze mkalimani, asimame kati ya kizimba na jaji. Kila sentensi ya Kimathi itamkwe mara mbili, na mara ya pili iwe fupi.