Sifa ya Mlango Uliofungwa

Ni usiku, mvua inapiga mtaa wa Chicago, na kijana mwenye kofia amesimama ng'ambo ya barabara akiwatazama wanaume wanaoshuka magarini na kuingia katika maskani yao. Hao ndio waliomuua rafiki yake. Anaanza kusogea kuelekea kwetu, maji yakimchuruzika, mpaka uso wake unajaa kioo kizima. Anatabasamu, na ni tabasamu la mtu aliyekwisha kuiaga dunia. Anavuka, anaingia, mlango unafungwa. Kamera haimfuati. Inabaki nje, nasi tunabaki nayo mvuani. Tunasikia risasi, nyingi, kisha yowe, kisha mvua peke yake. Kijana anatoka akiwa na majeraha, anazivurumisha bastola zake dirishani, vioo vinapasuka. Anapepesuka hatua chache na kuanguka ukingoni mwa barabara, kwenye maji yanayotiririka, akijiambia kwa sauti ya chini kwamba kumbe yeye si mgumu kiasi hicho.

Filamu hiyo ni The Public Enemy, iliyotengenezwa na Warner Bros. na kutoka mwaka 1931. Kijana anaitwa Tom Powers, aliyemwigiza ni James Cagney, na mwongozaji ni William A. Wellman. Nimeitazama na watu wa rika mbalimbali, na vijana karibu wote hufika kwenye mlango ule na kuuliza swali lile lile: mbona hatuonyeshwi? Wengine huhisi wamepunjwa. Wapo wanaosema kwamba pengine fedha iliisha, au kwamba watu wa zamani hawakujua namna ya kupiga picha ya mapambano. Wana malalamiko mengine pia: kwamba filamu inakwenda polepole, kwamba haina muziki wa kuwaambia lini waogope, kwamba mama yake Tom amezidi upole hata haoni kinachofanyika chini ya paa lake, kwamba mwigizaji Jean Harlow anatamka maneno kama anayesoma ubaoni.

Sina ugomvi na mengi ya hayo. Harlow alikuwa hajatimiza miaka 20 walipoipiga filamu hii, na ugeni wake unaonekana. Mama, aliyeigizwa na Beryl Mercer, kweli ameandikwa kwa unyonge uliopita kiasi. Lakini lile la mlango siwezi kuliacha lipite, kwa sababu mlango ule ndio ufundi wenyewe. Mtu anayeutazama na kuona pengo anakikosa kitu ambacho mafundi wale walikifanya kwa makusudi na kwa ustadi ambao leo haupatikani kirahisi.

Tuanze na hili la kutojua. Yapo mauaji ambayo Wellman ameyaweka wazi mbele ya macho yetu. Tom na Matt Doyle, rafiki yake tangu utotoni, wanatoka mafichoni mchana kweupe, na bunduki ya rashasha iliyotegwa dirishani inamwangusha Matt kando ya njia. Tom anajitupa nyuma ya kona, na risasi zinautafuna ukuta pale pale alipokuwa. Risasi hizo zilikuwa za kweli. Studio ilimwajiri mlenga shabaha azipige ukutani, na Cagney akaupita ukuta ule kwa mahesabu ya sekunde. Watu walio tayari kutumia risasi za moto hawawezi kuambiwa kwamba walishindwa kutuonyesha watu wakianguka chumbani. Walijua kuonyesha. Walichagua wapi waonyeshe na wapi wafunge.

Uchaguzi huo unaonekana vizuri zaidi katika kifo cha Putty Nose, na hapo naomba msomaji tukae kidogo. Huyu ni mtu mzima aliyewalea Tom na Matt katika wizi walipokuwa watoto. Alinunua vitu vyao vya kuiba, akawaimbia nyimbo za kihuni akipiga piano, akawakabidhi bastola zao za kwanza, na mambo yalipoharibika akawatoroka. Miaka inapita, vijana wanakuwa watu wa genge, na usiku mmoja wanamwona, wanamfuata hadi kwake. Anaelewa mara moja. Anawabembeleza, anapiga magoti, anawakumbusha walivyokuwa wadogo. Halafu anafanya jambo la mwisho ambalo mtu kama yeye angeweza kulifanya: anakaa kwenye piano na kuanza ule wimbo wa zamani, kana kwamba wimbo unaweza kuwarudisha utotoni na kuifuta hasira. Tom amesimama nyuma yake. Mkono unaingia ndani ya koti.

Hapo kamera inageuka. Inawaacha wale wawili na kwenda taratibu mpaka kwa Matt, aliyesimama karibu na mlango, na inakaa pale. Wimbo unaendelea bila sisi kumwona anayeuimba. Risasi inalia, wimbo unakatika katikati ya neno, vidole au kichwa kinaangukia piano na sauti zote zinatoka kwa pamoja, kisha kishindo cha mwili sakafuni. Muda wote huo tunaangalia uso wa Matt. Yeye ameona, sisi tumesikia, na ule woga unaompitia ndio taarifa pekee tunayopewa. Tom anaingia tena kwenye picha akitembea bila haraka, na anachosema ni kwamba ngoja ampigie simu mwanamke wake, huenda amesharudi nyumbani. Nimeona filamu nyingi zenye damu ya kujaza ndoo, na hakuna hata moja iliyonitisha kama sentensi ile ya kawaida kutoka kwa mtu aliyetoka kumuua aliyemlea.

Laiti tungeonyeshwa Putty Nose akipigwa, macho yetu yangekwenda kwenye jeraha. Tungeuliza limefanywaje, tungesifu au kubeza rangi ya damu. Kwa kuwa tumenyimwa, tunabaki na jambo zito zaidi: urafiki wa Matt na Tom unabadilika pale mlangoni, na Matt sasa anamjua mtu aliyekua naye tangu utotoni. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tukumbuke pia wakati wenyewe. Studio hiyo hiyo ilitoa The Jazz Singer mwaka 1927 na kuanzisha enzi ya filamu za kuzungumza. Miaka minne tu baadaye sauti bado ilikuwa kitu kipya, na mafundi wengi walikuwa wakiitumia kuongeza maneno mdomoni mwa waigizaji. Wellman aliitumia kama mkono wa pili. Katika filamu hii muziki hutoka mahali penye muziki: bendi ukumbini, piano sebuleni, santuri kwenye gramafoni. Hakuna vinanda vya kutuongoza tulie au tuogope. Kwa hiyo risasi inapolia nyuma ya mlango, hakuna kitu kinachoipunguzia ukali wake.

Wengine husema watengenezaji waliogopa sheria. Kanuni za maadili za Hollywood ziliandikwa mwaka 1930, ni kweli, lakini hazikukaziwa barabara mpaka mwaka 1934. Kati ya miaka hiyo studio zilipitisha mambo mengi ambayo baadaye yasingepita, na filamu hii yenyewe ina mengi ya namna hiyo. Basi hata kama hofu ya wakaguzi ilikuwepo, haiwezi kueleza kwa nini kamera inageukia uso wa Matt na si ukuta mtupu. Hilo ni jambo la fundi.

Ipo pia habari ya farasi. Mkubwa wa genge, Nails Nathan, anaangushwa na farasi wake na kufa. Chicago kweli ilikuwa na jambazi aliyeitwa Samuel Morton, kwa jina la utani Nails, aliyekufa kwa ajali ya farasi mwaka 1923, na mitaani ikavuma kwamba wenzake walimlipizia kisasi mnyama yule. Katika filamu, Tom na Matt wanakwenda zizini, Tom anauliza bei, analipa, anaingia ndani. Tunasikia risasi. Hakuna neno zaidi. Upuuzi wote wa kisasi, kiburi cha mtu anayetaka hata mnyama amheshimu maiti wake, umeelezwa na mlio nyuma ya mbao.

Na sasa angalia kile ambacho Wellman hakukificha. Asubuhi moja mezani, Tom amechoshwa na Kitty, mwanamke anayeishi naye. Anachukua nusu ya balungi na kumsokomezea usoni. Tukio ni la sekunde chache, na ndilo ambalo dunia imelikumbuka zaidi kuliko yote. Mae Clarke, aliyemwigiza Kitty, aliigiza katika filamu nyingine nyingi, lakini maisha yake yote watu walimtambua kwa balungi lile. Watazamaji hulijadili kama kioja. Mimi naliona kama sehemu ya hesabu ile ile. Kifo kimefungiwa nyuma ya milango, lakini udhalilishaji wa nyumbani umewekwa mchana, karibu, bila kivuli, kwa sababu mtazamaji hana budi kuutambua. Wengi wetu hatujawahi kuona jambazi akimwua jambazi. Ukatili wa mezani tunaufahamu, na fundi alijua ni upi kati ya ukatili huo wa aina mbili ulio wetu.

Ufundi huu ulihitaji mwili wa kuubeba, na studio nusura iukose. Cagney alipewa kwanza nafasi ya Matt, na Edward Woods ndiye aliyekuwa Tom. Walishaanza kupiga picha ndipo ilipoonekana kwamba wamekosea, wakabadilishana. Cagney alikuwa amepitia majukwaa ya vodevili, alikuwa mcheza dansi kabla ya kuwa mwigizaji wa filamu, na inaonekana katika kila hatua. Anapotoka kwenye mlango ule mvuani, hatuhitaji kuwa tumeona kilichotokea ndani. Mabega yake yanasema, magoti yanasema, namna anavyojaribu kutembea wima na kushindwa inasema. Mwongozaji anaweza kufunga mlango pale tu anapojua kwamba atakayetoka atakuja na habari yote mwilini.

Kwetu, tangu enzi za mabanda ya video, tumeshikilia kwamba steringi hafi. Huyu anakufa, na anakufa mbali na macho yetu. Genge la maadui linamtoa hospitalini alikolazwa baada ya usiku ule wa mvua, na hatuonyeshwi wanachomfanya. Nyumbani simu inalia, kwamba Tom analetwa. Mama anapanda ghorofani akiimba, anatandika kitanda, anapiga mito. Gramafoni inacheza wimbo mtamu. Kaka anafungua mlango, na pale kizingitini amesimamishwa Tom, amezungushiwa bendeji na kamba kama mzigo, na anaanguka kifudifudi ndani ya nyumba. Juu, mama bado anatandika. Mlango uliotunyima habari filamu nzima sasa umefunguliwa, na kila kitu tulichokuwa tukidai kuonyeshwa kinatuangukia kwa mara moja.

Sitaki kudai kwamba kila damu iliyomwagika kwenye kioo tangu wakati huo ni kazi mbovu. Bonnie and Clyde ya mwaka 1967 ilionyesha risasi zikiingia miilini kwa mwendo wa pole, na ilikuwa na sababu zake. Waliofuata walichukua risasi wakaiacha sababu. Leo mtu anauawa kwa dakika nzima, kutoka pembe tano, na mtazamaji anaendelea kutafuna bisi. Tumeonyeshwa mengi hata hatuoni tena.

Lakini lawama haiwafikii watengenezaji peke yao. Mtu anayetazama filamu kwenye simu ndani ya daladala, sauti imezimwa, kidole kikiruka sekunde kumi kumi mbele, hawezi kukutana na Putty Nose. Kwake ile ni picha ya kijana aliyesimama karibu na mlango bila kufanya lolote, na bila shaka atairuka. Hata kwenye sinema zetu za kutafsiriwa, sauti ya mtafsiri hukimbilia kuziba kila kimya, kana kwamba kimya ni hitilafu ya mtambo. Tumejifundisha kuogopa nafasi ile ile ambayo fundi alituachia tuijaze wenyewe.

Mwaka 1998 Maktaba ya Bunge ya Marekani iliingiza The Public Enemy katika orodha ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa. Ni heshima inayostahili, na nashukuru kwamba utepe hautaoza. Ila maktaba huhifadhi utepe tu. Haiwezi kuhifadhi sikio linalosubiri, wala subira ya mtu anayekubali kubaki nje mvuani na kuyabeba yanayotokea ndani. Wellman alifanya nusu ya kazi na nusu akamkabidhi mtazamaji kwa imani kwamba ataiweza. Kila tunapouliza mbona hatuonyeshwi, tunairudisha ile nusu yetu bila kuigusa, na ninachohofia ni kwamba hawatabaki mafundi wa kutupa nyingine.