Mficha Uchi Hazai: Kosa la Kufunika Bawa Kabla ya Kuliuza

Wengi wenu mmeshaziona picha. Ni CASA 1.131, yaani Jungmann ya Bücker iliyoundwa Hispania kwa leseni, imelala hangani kusini mwa Uingereza. Kazi ya kuifufua imefika katikati na mwenyewe ameamua kuiuza ilivyo. Fremu ya mabomba ya chuma imepigwa mchanga na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, injini ya Tigre iko kwenye stendi pamoja na karatasi zake, vipuri vidogo vimepangwa na kuandikwa majina. Kazi safi, na bei ya kwanza haikuwa ya kukufuru. Kisha unafika kwenye picha ya mabawa. Mawili ya chini na moja la juu yameshafunikwa kitambaa kipya, kimekazwa kwa pasi, kimepakwa dopu ya rangi ya fedha, yanameta. Yalifunikwa wiki chache tu kabla ya tangazo kutoka, na katika makaratasi hakuna saini ya mkaguzi kwamba aliyaona yakiwa wazi.

Hapo ndipo mradi ulipoharibika. Tangu siku ile bei imekuwa ikishuka na ndege haijaondoka. Muuzaji anadhani soko limelala. Soko liko macho kabisa, na kilicholishtua ni kile kitambaa.

Tuseme wazi kilichofichwa. Jungmann ina fremu ya chuma kiunoni, lakini mabawa yake ni ya mbao: boriti zinazokwenda urefu wote wa bawa, mbavu zilizogundishwa juu yake, na nyaya za ndani za kulikaza lisipinde. Upana wa ndege nzima kutoka ncha hadi ncha ni mita 7.40 tu, na ndani ya upana huo mdogo mbao zile zinabeba mizigo yote ya sarakasi, kwenda juu na kwenda chini, rubani anapogeuza ndege tumbo juu. Hii ni mashine iliyozaliwa kwa kazi hiyo. Anders Andersson, Mswidi, ndiye aliyeichorea kampuni ya Kijerumani ya Bücker, ikaruka kwa mara ya kwanza Aprili 1934, na wanaoijua watakuambia hadi leo hakuna usukani mtamu kama wake. Lakini utamu wote ule umefungwa kwenye viungo vya gundi.

Na gundi ina umri. Mabawa mengi ya zama zile yaligundishwa kwa kasini, inayotokana na maziwa, ambayo hunyonya unyevu na kuliwa na ukungu. Gundi za urea zilizofuata zilikuwa na nguvu zaidi, lakini nazo joto na unyevu huzichosha polepole. Mwaka 1944 ndege za mbao za Mosquito zilivunjika angani huko India, na wachunguzi wakakuta viungo vya gundi vilivyoachia. Wakabaki wakibishana kama lawama ni ya hali ya hewa au ya kiwanda. Msomaji wa Mombasa au Tanga, anayejua pepo za chumvi zinavyoufanya mlango wa kabati, hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa, mtu anayenunua bawa la mbao hutazama nini? Anashika tochi ndogo na kuilaza karibu na ubao, mwanga ukipita juu ya nyuzi kama unaupangusa. Hatafuti ufa mkubwa. Huo hata mtoto atauona. Anatafuta mstari mwembamba kama unywele unaokatiza nyuzi za ubao, badala ya kwenda nazo. Mstari huo maana yake ni kwamba nyuzi zilibanwa hadi zikajikunja, pengine bawa lilipogonga ardhi miaka 40 iliyopita, pengine mtu alivuta usukani kwa nguvu kuliko alivyopaswa. Boriti yenye mstari huo inaonekana nzima, inashikika nzima, na siku moja haitakuwa nzima. Kisha anakwenda kwenye matundu ya bolti, pale bawa linaposhikana na fremu. Ubao uliozunguka bolti ya chuma ukiwa mweusi, ujue unyevu uliingia na chuma kikaanza kuula. Mwisho anachukua kisu chembamba na kukijaribu ukingoni mwa kila kiungo cha gundi: kikipenya, kiungo kimekufa.

Hakuna hata kimoja katika hivyo unachoweza kukifanya juu ya kitambaa kilichokwisha kushonwa kwenye mbavu. Yale matundu ya ukaguzi yaliyoachwa kwenye kitambaa hayafiki kila mahali, na mahali yasipofika mara nyingi ndipo penye shida. Mwenye mali anajitetea kwamba alipiga picha kabla ya kufunika. Tumeziona. Ni picha za bawa zima zilizopigwa kutoka mlangoni mwa hanga. Zinathibitisha kwamba lilikuwa na mbavu.

Twende kwenye fedha, kwa sababu huko ndiko uamuzi huu unakokuwa mbaya zaidi. Bawa lililo wazi, hata likiwa na kasoro, lina bei. Mnunuzi anaona boriti ya bawa la chini la kulia ina ufa, anapiga hesabu ya mbao za sprusi na saa za fundi, anaipunguza kwenye bei, mnapeana mikono. Bawa lililofungwa halina bei. Lina hofu tu, na mnunuzi makini huipigia hofu hesabu ya juu kabisa. Atachukulia kwamba boriti zote za mabawa yale matatu ni za kutupwa. Ataongeza gharama ya kukichana kitambaa kipya, maana atakichana, na hakitashonwa tena kikichanwa. Ataongeza dopu, uzi, na saa za kushona fundo moja baada ya jingine kwenye kila ubavu. Kwa hiyo muuzaji alitumia fedha zake na jasho lake kujipunguzia bei mwenyewe. Angeyaacha yote matatu wazi kama lile la nne, ambalo bado li wazi, angekuwa ameshauza.

Na kuna suala la saini, ambalo si dogo. Uingereza, ndege nyingi za aina hii husimamiwa na LAA, chama cha ndege nyepesi, na kazi hukaguliwa hatua kwa hatua. Hatua ya kabla ya kufunika ni ile ambayo mkaguzi hawezi kuirudia baadaye, kwa sababu kitu chenyewe hakionekani tena. Ukiiruka, huachi pengo la karatasi tu. Unamwachia mwenzako mzigo wa kuanza upya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye ndege ya sarakasi iliyozeeka daftari ni nusu ya mali.

Najua ushauri wa kufunika kabla ya kuuza ulitoka wapi. Nimegombana nao miaka mingi katika safu hii: ule wa madalali wanaosema ipendezeshe kwanza, mnunuzi hununua kwa macho. Ushauri huo unafaa kwa gari la mtumba. Mnunuzi wa mradi wa ndege si mtu wa kuvutiwa na kung'aa. Ni fundi, au ana fundi, na amezoea kuona vitu vibovu bila kutishika. Kinachomtisha ni kitu asichoweza kukiona. Kizuri chajiuza, na katika biashara hii kizuri ni ubao mtupu uliopigwa mwanga.

Kwa kuwa tumeufungua mlango wa urembo: mkia nao umeshapakwa rangi na alama za Kijerumani za miaka ya 1930. Nimelisema hili mara nyingi na nitalirudia. Ndege hii iliundwa na CASA, ikawafundisha marubani wa Hispania, na jeshi la huko lilipoziacha nyingi zilinunuliwa na raia wa Ulaya na Marekani. Ina historia yake ya heshima. Kuivisha sare ya Kijerumani ni kuinyang'anya wasifu wake. Huko huko Hispania, Jerez, ndiko rubani José Luis Aresti alikofundisha, na alama alizozibuni za kuandika sarakasi kwenye karatasi ndizo zinazotumika mashindanoni dunia nzima. Unataka fahari gani zaidi ya hiyo?

Lakini turudi kwenye bawa, maana rangi haijaua mtu.

Tarehe 3 Juni 1970, rubani wa sarakasi Neil Williams alikuwa Hullavington, Uingereza, akifanya mazoezi ya mashindano ya dunia kwenye Zlin 526. Kiungo cha chini cha boriti kuu ya bawa la kushoto kilikatika kwa uchovu wa chuma, bawa likaanza kukunjika kwenda juu. Williams aliigeuza ndege tumbo juu, ili mzigo ule ule uliokuwa ukilikunja ulirudishe mahali pake. Likarudi. Akaruka hivyo, kichwa chini, injini ikizima na kuwashwa tena, akaja kutua akiwa bado amepinduka, na karibu kabisa na ardhi akaigeuza, ikaanguka kwa tumbo. Alitoka akitembea kwa miguu yake. Hakuna rubani wa leo ninayeweza kumweka bega kwa bega naye, na sidhani kama atatokea.

Zlin ile ilikuwa ya chuma, ya kisasa kwa wakati wake, ikiruka kila mara mikononi mwa mtu aliyeijua kama kiganja chake. Hata hivyo ufa ulikuwamo na haukuonekana. Sasa ndugu yetu anatuuzia mbao zenye umri mkubwa kuliko wengi wetu, zilizokaa miaka hangani, zilizofunikwa bila jicho la pili kuzipitia, kwa ndege ambayo mnunuzi ataipeleka kupiga fliki, ule mzunguko wa ghafla, na kuigeuza tumbo juu. Yeye si Williams. Wala mnunuzi.

Wala hili si jambo la Wazungu wachache wenye wasiwasi. Mwaka 1998 mamlaka ya anga ya Marekani iliwaamuru wenye ndege za ukoo wa Citabria na Decathlon zenye boriti za mbao wazikague, kwa sababu ya nyufa zile zile zinazokatiza nyuzi. Watu walilazimika kutoboa matundu kwenye mabawa mazuri ili waone ndani. Wale walikuwa wanakichana kitambaa kutafuta ukweli; huyu wetu aliushika ukweli mkononi akaushonea kitambaa.

Ninaamini hakukusudia kumdhulumu mtu. Mpangilio wa vipuri vyake unaonyesha mtu mwaminifu na mwenye subira, na fremu ile ningeinunua kesho. Pengine alichoka, akataka aone angalau kitu kimoja kimekamilika kabla hajaachana na ndoto yake. Hilo linaeleweka, na linaumiza. Lakini uchovu wake hauwezi kuwa hatari ya mwingine, na ndege ya aina hii huuzwa kwa mtu atakayeiamini na roho yake.

Ushauri wangu kwake ni huu, na autekeleze kabla mvua za majira ya baridi hazijaanza kuingiza unyevu hangani. Achane kitambaa cha mabawa yote matatu, asibakishe hata moja. Amwite mkaguzi, siku hiyo hiyo mbao zikiwa wazi, na aandikiwe kilichoonekana, kizuri na kibaya. Apige picha za karibu za kila kiungo na kila tundu la bolti, tochi ikiwa imelazwa. Aandike upya tangazo lake kwa kuanza na kasoro. Akiyafanya hayo, bei ile ya kwanza ni halali yake, na asishuke hata kidogo.