Lagos Haimo Kwenye Ukoo wa Makena

Lagos si ya ukoo wa Makena, mpelelezi wa Nairobi katika tamthilia ya Crime and Justice. Nimeitazama sehemu zote sita, nikairudia, na kila nikiirudia nazidi kuona kwamba walipoamua kuibatiza Crime and Justice Lagos mwaka 2022, Showmax walikosea, tena kosa la wazi. Hapa Ifakara kosa hilo limezaa jingine. Vijana wanaojazia watu tamthilia kwenye flashi wameitia Lagos ndani ya folda ya Crime and Justice, chini kidogo ya msimu wa pili, wakaiandika "msimu wa 3". Mteja anarudi zake Mlimba au Malinyi, anachomeka flashi kwenye runinga akimsubiri Makena, anatokea Kelechi Farasin, mpelelezi wa Lagos. Makena kaenda wapi? Kahamishwa? Kauawa? Hakuna wa kumjibu.

Mlioitazama Crime and Justice mnakumbuka mambo yalivyoanza. Februari 2021, Nairobi, kazi ya kwanza ya Showmax kutoka Kenya, kwa ubia na Canal+. Sarah Hassan akiwa Makena, Alfred Munyua akiwa mwenzake Silas. Kesi zinaokotwa kwenye habari za mtaani, zinapelelezwa, kisha zinapandishwa mahakamani. Lagos ilipokuja Desemba 2022 ilileta mwanamke na mwanamume wengine, Folu Storms na Jammal Ibrahim, kikosi kingine, mji mwingine, waendesha mashtaka wengine. Wameigiza vizuri wote wawili, na mwongozaji Yinka Edward anajua kuipiga picha Lagos.

Sasa njooni kwenye uamuzi wenyewe. Ndani ya Lagos hakuna mtu aliyetoka Nairobi. Makena hapigi simu. Silas hatajwi. Hakuna faili lililovuka mpaka, hakuna mshtakiwa aliyekimbia Kenya, hakuna shahidi aliyepanda ndege. Kilichovuka ni jina la tamthilia na muundo wake tu, yaani kesi moja kwa kila sehemu, wapelelezi mbele, mawakili nyuma. Wanaoitetea wanasema muundo unatosha, kwamba ukiona upelelezi unaishia kizimbani basi umeona Crime and Justice.

Hoja hiyo haisimami, kwa sababu muundo wenyewe si mali ya Nairobi. Dick Wolf aliuonyesha Marekani tangu Septemba 1990 katika Law & Order, nusu polisi, nusu mahakama. Kama muundo ndio unaotoa undugu, basi Makena na Silas nao ni wa Law & Order, na Wolf angekuwa na watoto dunia nzima asiowajua. Hakuna anayesema hivyo. Basi Lagos nayo haiwezi kudai undugu na Nairobi kwa kitu ambacho Nairobi yenyewe ilikikuta tayari kipo.

Linabaki jina. Nalo jina halitoshi, na ushahidi upo kwa haohao Wamarekani. Mtazameni John Munch. Richard Belzer alianza kumwigiza mwaka 1993 katika Homicide: Life on the Street, tamthilia ya polisi wa Baltimore ambayo haikuwa na neno "Law" wala neno "Order" kwenye jina lake, na haikuwa ya Wolf. Lakini wapelelezi wake walikutana kazini na wale wa Wolf wa New York, wakagawana kesi, sehemu ikaanzia huku ikaishia kule. Homicide ilipokwisha mwaka 1999, Munch alihamia New York na kuingia kikosi kipya cha Special Victims Unit, tamthilia nyingine ya Wolf, akiwa mtu yuleyule, na tabia zake zilezile. Kwa hiyo Homicide, yenye jina jingine kabisa, ina haki ya undugu kuliko Lagos iliyopewa jina lilelile.

Na hata waliotaka jina waliligharamia. CSI kabla ya kufungua tawi la Miami mwaka 2002 iliwapeleka watu wake Miami kwanza, ndani ya sehemu ya CSI yenyewe, tukamwona Horatio Caine wa Miami akifanya kazi pamoja nao. NCIS ilichipuka mwaka 2003 kutoka JAG kwa njia hiyohiyo. Elliot Stabler aliporudi Aprili 2021 alianzia kwenye Special Victims Unit, tamthilia aliyoiacha, ndipo akavuka kwenda kwenye yake mpya, Organized Crime, usiku uleule. Mtaniletea Law & Order: UK ya mwaka 2009, ambayo haikuhamisha mtu. Sawa, lakini Waingereza walichukua hadithi za Wolf zilizokwisha kurushwa Marekani wakazishona upya kwa sheria za kwao. Kilikuwepo kitu cha kurithi. Lagos ilirithi nini?

Ugonjwa huu wa kubandika jina bila undugu unaanzia kwenye kumdharau mtazamaji. Ni ugonjwa uleule wa tamthilia zetu za Bongo zinazobadilisha mwigizaji katikati ya msimu bila hata neno moja, kana kwamba sisi hatuna macho. Ni ugonjwa uleule wa watafsiri wa vibanda umiza wanaoruka nusu ya mahakamani kwa sababu haina risasi. Mtazamaji wa Crime and Justice aliyekatiwa mahakama ameona nusu ya tamthilia, halafu anaambiwa ameona yote. Mtafsiri Lufufu, enzi zake, aliisimulia filamu hata pale steringi alipokuwa amekaa tu kimya.

Waandishi wetu wa zamani walijua kwamba undugu wa hadithi hutoka kwa mtu, kabla ya runinga kuingia bara. Muhammed Said Abdulla alimtoa mpelelezi wake Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, akamrudisha katika Kisima cha Giningi na vitabu vilivyofuata, na msomaji alitambua yuko nyumbani kwa sababu Msa yupo na kiko chake, na Najum yupo ubavuni. Ben Mtobwa alifanya hivyo kwa Joram Kiango na Nuru. Lakini mwalimu wa somo la leo ni Elvis Musiba. Musiba alipotaka Nairobi katika Kufa na Kupona, alimpeleka jasusi wake Willy Gamba Nairobi. Alipotaka Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi, alimpeleka Willy Gamba Kinshasa. Miji inabadilika, maadui wanabadilika, mtu ni yuleyule. Ingekuwa rahisi kwake kubuni jasusi wa Kizaire na kubandika jalada linalofanana. Hakufanya hivyo, na ndiyo maana hadi leo hakuna anayebishana kipi ni kitabu cha Gamba na kipi si chake.

Gharama ya kuliepuka kosa la Lagos ilikuwa ndogo mno. Chukulieni bonde letu hili la Kilombero. Tuseme kesho mtu anataka kuleta Crime and Justice Kilombero. Kesi hazitakosekana. Kuna mashamba yanayogombewa na wakulima na wafugaji, kuna miwa ya Kidatu, kuna magogo yanayovunwa usiku kutoka msituni. Mwandishi makini angeanza na lori la mitiki lililokamatwa Nairobi likiwa na nyaraka za kughushi. Silas anakagua mihuri, anaona jina la Ifakara, anapiga simu. Upande huu anapokea mpelelezi wetu, amesimama kwenye daraja la Mto Kilombero, lile lililotupumzisha na kivuko. Wanazungumza dakika moja, Kiswahili cha Nairobi kwa Kiswahili cha Morogoro. Baada ya hapo Silas hahitajiki tena msimu mzima. Undugu umethibitishwa, na ametumika mwigizaji mmoja kwa siku moja ya kazi.

Lagos ingeweza kufanya vivyo hivyo kwa Kiingereza, kwa mshukiwa mmoja aliyepita uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Waliokuwa na Nairobi na Lagos chini ya kampuni moja, na waigizaji wa pande zote wanaofikika, waliamua kutofanya hivyo. Sioni udhuru.

Kwa hiyo orodha yangu ni hii. Crime and Justice ni misimu miwili, yote ya Nairobi, yote ya Makena na Silas. Lagos ni tamthilia nzuri ya Kinaijeria inayojitegemea, na ingestahili jina lake yenyewe. Nanyi vijana wa flashi hapa mjini, nawaomba muitoe kwenye folda ya Makena leo, muipe folda yake, na mfute hayo maneno "msimu wa 3".