Juu ya Mzaha wa Saa za Kipagani

Katika Kiswahili "mpagani" aghalabu ni jina la kupachikwa. Mtu huitwa hivyo, hajiiti. Uingereza na Marekani, lakini, wako watu wanaojiita Wapagani kwa fahari. Ni wafuasi wa dini mpya zinazojinasibisha na ibada za kale za Ulaya, na mashuhuri kati yake ni Wicca, aliyoitangaza Gerald Gardner katika kitabu chake cha mwaka 1954. Wengi wao wana sikukuu nane kwa mwaka zifuatazo mwendo wa jua, na tena hukutana mwezi unapokuwa mpevu. Watu hawa hujicheka kwa jambo moja kuliko mengine, nalo ni kuchelewa. Ibada ikitangazwa kuwa ni saa moja ya usiku "kwa Saa za Kipagani", maana yake ni saa mbili, au tatu, au hapo mwenye mishumaa atakapofika.

Utamu wa mzaha huu umo katika umbo lake. Kampuni za reli za Marekani ziligawanya nchi kwa majira rasmi tarehe 18 Novemba 1883, na majina ya majira hayo yana sauti ya serikali. Wapagani wameiazima sauti hiyo wakaivisha jambo lisilo na kipimo chochote. Aliyezoea kusikia redioni "kwa saa za Afrika Mashariki" atacheka bila ya kufafanuliwa.

Mzaha unapogeuka kuwa hoja, hapo huanza kulegea. Husemwa kwamba anayefuata maumbile hafungwi na saa ya ukutani. Hoja hii ni dhaifu mno, kwani maumbile ndiyo saa kali kuliko zote. Tangu mwaka 2000 watu huruhusiwa tena kukusanyika katikati ya mawe ya Stonehenge kungoja macheo ya siku ndefu kuliko zote. Na jua la Juni halimsubiri aliyesahau ngoma yake garini. Alfajiri wanaiwahi. Saa moja ya usiku ndiyo inayowashinda!

Wamarekani Weusi nao wana mzaha kama huu, lakini wao uvivu walisingiziwa na wenye mashamba na viwanda. Wanapojicheka, wanampokonya adui silaha yake. Mpagani hakusingiziwa kuchelewa na mtu. Kwa hiyo kicheko chake ni chepesi zaidi, nacho hakina jeraha la kukitetea.

Nadhani utani wetu ungefaa kuwa mizani hapa. Mtani ana ruhusa ya kukukejeli hata msibani, lakini ndiye huyo huyo mwenye wajibu wa kushughulika na mazishi yako. Kejeli yake ina deni, naye hulilipa kwa mikono. Katika mzaha wa Saa za Kipagani anayecheka ndiye mdaiwa, na kwa kucheka hujisamehe mwenyewe mbele ya wadai wake. Karibu mizaha yote ya namna hii niliyoisoma husemwa na aliyechelewa, au kwa niaba yake. Ule wa mtu aliyefika mapema, akapanga viti, akalipia ukumbi kwa saa, naye ana basi la mwisho la kuwahi, sijakutana nao. Na huo ndio ningependa kuusoma.