Agu kabla ya panga
Nilisoma riwaya ya Uzodinma Iweala, Beasts of No Nation (2005), kabla ya kutazama filamu ya Cary Fukunaga (2015), na mpaka leo kitabu ndicho kinachoniuma zaidi. Sio kwamba filamu ni mbovu. Idris Elba anatisha kweli, na kijana wa Ghana, Abraham Attah, anambeba Agu mpaka mwisho. Shida iko mwanzoni. Filamu inatuonyesha kwanza Agu na wenzake wakihangaika kuuza kasha tupu la televisheni. Tunacheka, tunampenda, na akishaua tunamsamehe haraka. Iweala hatupi nafuu hiyo: tunamkuta Agu vitani tayari, nyumbani kwao panakuja baadaye kama kumbukumbu. Kumpenda mtoto ambaye tayari ana damu mikononi ni kazi ngumu. Filamu imetupunguzia.