Pumzi kwa Kipimo

Mgonjwa wa Kitui anayehitaji kuondolewa pafu lililoharibiwa na kifua kikuu kwa kawaida hupewa rufaa hadi Nairobi, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Huko hulazwa ubavu, pafu bovu likiwa juu, na mtaalamu wa nusukaputi hufanya jambo ambalo kwangu linahitaji moyo kuliko kushika kisu: hulinyima pafu hilo hewa makusudi, lisinyae, daktari wa upasuaji apate nafasi.

Chombo chake ni mpira wenye njia mbili, mrithi wa ule alioueleza Eric Carlens wa Uswidi mwaka 1949. Ncha huelekezwa kushoto mara nyingi. Upande wa kulia njia ya hewa ni fupi, na tawi la sehemu ya juu ya pafu huchipuka mapema mno. Ukiteleza kidogo, umeliziba.

Halafu kuna damu. Inayopitia pafu lisilo na hewa hurudi moyoni bila oksijeni mpya. Heri mwili una werevu wake: mishipa ya pafu hilo hujikaza na damu ikageukia pafu linalofanya kazi, kama mkulima wa Kibwezi anavyoziba mfereji wa shamba lililokwisha kuvunwa. Dawa ya usingizi ya kuvuta ikizidi, mishipa hulegea, na werevu huo unapotea.

Zamani pafu lililobaki lilisukumiwa takriban mililita 10 za hewa kwa kila kilo ya mgonjwa, eti lifanye kazi ya mawili. Likaumia. Siku hizi ni 4 hadi 6, na kilo zenyewe ni za uzito unaolingana na urefu wake. Hapa ndipo ufundi huu unaponishinda kwa uzuri: oksijeni inashuka, king'ora kinalia, na mkono unajizuia kusukuma zaidi. Kwanza unakagua kama mpira umesogea, maana mara nyingi kosa ni hilo.

Wala maarifa haya si ya Nairobi tu. Katika hospitali za kaunti, ambako nusukaputi mara nyingi hutolewa na maafisa wa kliniki waliosomea kazi hiyo, pafu moja huweza kupumua peke yake bila yeyote kukusudia. Mpira wa kawaida ukizama kupita kiasi huteremkia kulia, kwenye njia iliyonyooka zaidi. Kwa mtoto mchanga hata sentimita moja ni nyingi. Fundi hasubiri mashine imwambie. Stetoskopu iko chini ya kwapa la kushoto, naye anauvuta mpira taratibu hadi asikie hewa ikiingia, ndipo anaubandika plasta.