Kuzima Programu Zinazobaki Mtumiaji Anapotoka

Mtumiaji wa Linux anapofunga kipindi chake na kuondoka, si kila programu aliyoiwasha huzimika. Baadhi hubaki zikifanya kazi nyuma ya pazia, zikila kumbukumbu na kushikilia faili za mtu ambaye hayupo tena mezani. Kwenye kompyuta ya maabara ya chuo inayotumiwa kwa zamu, hiyo ni hatari ya kiusalama.

Kwa miaka mingi kazi ya kuzizima iliachiwa ishara iitwayo SIGHUP. Jina lake linatokana na kukata simu: zamani mtumiaji aliunganishwa kwa modemu, na laini ilipokatika, kiini cha mfumo kiliziarifu programu zake. Lakini programu inaweza kuipuuza ishara hiyo, na amri ya nohup iliundwa kwa ajili hiyo hasa. Nayo tmux, programu ya kuendesha vipindi vya terminali, hujitenga na mzazi wake na kuanzisha kipindi chake yenyewe, hivyo kufuata nani kamzaa nani hakufikishi popote.

Ufumbuzi ulitoka ndani ya kiini chenyewe. Tangu toleo la 2.6.24, la Januari 2008, Linux huweza kuipanga michakato katika vikundi vya udhibiti. Mchakato ukizaa mwingine, mtoto huzaliwa ndani ya kikundi kilekile, na hata akimkana mzazi, kikundi hubaki naye. systemd, programu inayosimamia huduma na vipindi katika mifumo mingi ya Linux, hukipa kila kipindi kikundi chake. Chaguo la KillUserProcesses likiwekwa yes katika faili yake ya mipangilio, logind.conf, kipindi kikifungwa kila kilichobaki kikundini huamriwa kijifunge. Kinachokaidi hupewa, kwa kawaida, sekunde 90, kisha huuawa kwa SIGKILL, ishara isiyopuuzika.

Mei 2016, toleo la 230 la systemd liliifanya yes kuwa chaguo-msingi. Waliozoea kuiacha tmux ikikesha na kazi kwenye seva wangekuta kazi imekatwa katikati. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, ikarudisha no, na ilifanya vyema: utaratibu ni imara, lakini ahadi ya nohup haifai kuvunjwa kimyakimya.

Palipowekwa yes, mwenye kazi ya usiku huruhusiwa kubaki kwa loginctl enable-linger, kisha huianzisha nje ya kipindi kwa systemd-run --user --scope tmux. Chaguo la KillOnlyUsers huwataja wanaohusika tu, na root huachwa nje tangu mwanzo.